Wifi, Maziwa Yako Ndo Ilipita Njia Mbaya

Wifi yangu Mariamu,

Basi, nilikuwa nimefika wapi? Ku maziwa. Ile audio yangu ya jana ilikatika pale pale ku maziwa, umeme ilikuwa imeenda toka asubuhi na simu ikazima mukononi mwangu. Lakini uliisikiliza, usinidanganye, niliona ile alama yake imekuwa bluu. Ukanyamaza. Sijui huko Bruxelles midomo inagandaga na baridi. Ni sawa, nyamaza, mi nitaongea kwa wote wawili kama kawaida yangu.

Leo naandika, na naandika hapa mu groupe ya famille, watu wote wasome. Hata wale vijana wa Canada wanatumaga tu picha za theluji, nao wasome. Makosa ya kuandika muniwie radhi, shule mi niliipitia tu kama mutu anapita sokoni bila kununua kitu. Lakini yale maneno uliyosema juu yangu, wifi, uliisema mbele ya watu wote. Jibu yake nayo haiwezi kuja kwa kunong'ona.

Na tena we ndo umenichokoza. Mi nilikuwa nimetulia. Juzi ukaniandikia: «Wifi, harusi ya Nadia imekaribia, narudi, utanipikia ile pilau yako.» Na kale kasura kanacheka pembeni. Pilau yangu. Mi mupika sumu.

Kwa wale hawajui vizuri: Issa ni mujukuu yangu, mutoto ya Djuma yangu na muke yake Zaina. Alizaliwa amechoka. Watoto wengine wanatoka wanalia, ye alitoka anatuangalia tu, mpaka wakamupiga piga mugongo. Shingo yake ilichelewa kukaza, kukaa alichelewa, kutembea alichelewa. Kucheka hakuchelewa. Na kifua yake toka mwanzo ilikuwa inaimba, kama kuna sufuria ya maji inataka kuchemuka ndani.

Zaina anauza mu duka ya vitambaa Rohero, kwa hiyo mutoto alikuwa anashinda kwangu hapa Cibitoke, na mi ndo nilikuwa namulisha. Bouillie ya masaka na soja, uji ya mutama kwa nyinyi wa Canada, nzito, kijiko kadogo. Na ule mutoto, kula kwake ilikuwa kazi kama ya kupandisha gunia ku lori. Anakunja sura, anasukuma na ulimi, anainamisha kichwa, anatoa kasauti, halafu inashuka. Kisha anafungua mudomo tena. Mi naimba, namungojea. Sikuwa na haraka, niende wapi.

We ulikuwa unateremuka kutoka Kiriri, kule mulimani kwa matajiri, na gari yako, siku ya ijumaa, na maziwa mu thermos. Unaingia, hata viatu haujavua, unasema: «Mutoto wa ukoo yetu analelewa na maziwa, si na masaka ya kuku.» Unamulaza chali ku magoti yako, chupa ya biberon mudomoni, na imeisha. Na ye kimya. Hakunji sura, hakohoi. Unanigeukia: «Unaona wifi, yangu inapita kama mafuta. Yako anapigana nayo. Kwa nini anapigana nayo?»

Mi nikacheka. Wallahi nilicheka, sikujua ile swali ilikuwa na meno.

Na hiyo bouillie uliijua, wifi. Umesahau ile mimba yako ya Nadia? Tulikuwa tungali kwa mama yenu Buyenzi, kaka yako, bwana yangu, anasafiri na lori, mi na we tunalala kitanda moja. Ulikuwa unatapika hata maji. Mama yenu alijaribu ndimu, akajaribu tangawizi, akajaribu kukufokea. Siku moja ukanishika mukono ukasema: «Wifi, ile yako tu ndo inakaa.» Nikawa naamuka mbele ya adhana nakukorogea, unakunywa umeegemea bega yangu, jasho yako inalowesha kanga yangu. Na ukimaliza tu, nguvu inarudi, tunaanza kusema watu. Hakuna mutu mu Buyenzi alitoka salama mu midomo yetu. Yule jirani wa cherehani, unakumbuka, alikuwa anafunga dirisha akisikia tunacheka. Nadia unayemuozesha leo, mifupa yake ilijengwa na hiyo masaka ya kuku.

Nilikupenda, sitaficha. Ndo maana hii haijatoka mu koo yangu mpaka leo.

Basi kifua ya Issa ikazidi. Ukaja na wazo ya kilimi. Ulikuwa umepata mama mumoja anakata, ile kanyama kadogo inaning'inia nyuma ya koo, eti ndo inaleta kikohozi, eti watoto wako wote walikatwa na wako wazima. Mutoto ulikuwa umeshamuvalisha kofia. Mi nikakaa mu mulango. Unajua mwili yangu na ule mulango, nikikaa hapo hata kuku haipiti. Nikakuambia: «Wembe haitaingia mu mudomo ya huyu mutoto mi nikiwa naona.» Ukaniangalia, ukasema pole pole: «Mutu anakataa mutoto atibiwe, iko na kitu anaficha.» Ukapanda gari yako. Nikasema amekasirika, itapita, tutacheka.

Idi ikafika, ukatuita wote kwako Kiriri. Viti imevaa vitambaa nyeupe, wakwe wako, majirani wako wakubwa wakubwa, wamama wa musikiti. Mi nilikuja na bouillie ya Issa mu thermos, juu pilau ye haiwezi. Nikamuweka ku magoti, nikafungua. We ukasimama na ile sauti yako ya kukaribisha wageni:

«Wifi, onja kwanza.»

Na nyinyi munaosoma hapa wengi mulikuwa pale. Kila mutu mu nchi hii anajua, ukimupa mugeni kinywaji unaonja we kwanza, aone hakuna kitu ndani. Ni heshima. Lakini hiyo ni ya mugeni. Bibi kuambiwa aonje uji ya mujukuu yake mbele ya watu, hiyo ni kumuita mulozi, haina jina ingine. Mi nikafikiri ni utani. Nikasema: «Nionje nini, na we uliinywa mimba nzima.» Ukarudia: «Onja, watu waone.»

Nikaonja. Kaka yako, bwana yangu, alikuwa anachungulia nyama ku sahani yake kama inamuambia siri. Nikameza, nikangoja kufa, sikukufa. Nikamulisha mutoto, na ye akakunja sura kama siku zote, akasukuma, akakohoa kidogo. Na we ukasema neno moja: «Mumeona.»

Zaina alikuwa angali mutoto, belle-fille, mukwe mupya, hajui amuamini nani. Akaogopa. Kesho yake hakuniletea Issa. Akamuacha na mufanyakazi, na maziwa yako, na biberon yako, kama ulivyoamuru. Na mi nikaanza kuona vitu. Kukiwa musiba hapa mutaani, mi ndo walikuwa wananipa sufuria kubwa, toka zamani, hakuna anauliza. Musiba iliyofuata nikafika nimefunga kanga yangu ya kazi, wakaniambia: «Mama Djuma, we leo pumzika, saidia kuosha sahani.» Wakisha kula. Sahani zikiwa tupu. Hapo ndo nikajua maneno yako imeteremuka mulima yote kutoka Kiriri mpaka huku.

We ukapanda ndege na bwana yako na kazi yake ya huko, ukaniacha na hilo jina.

Issa nilikuwa namuona kwa mbali tu, mugongoni mwa mama yake, ng'ambo ya barabara. Ananyoosha mikono. Zaina anageuza njia. Hii sitaieleza, wifi. Mi naongea sana, watu wote wananijua, lakini hii sina maneno yake.

Na mutoto akaendelea kuugua. Homa, mapafu, sindano, anarudi nyumbani, maziwa, homa tena. Amekonda mpaka kichwa ikawa kubwa kuliko mwili. Mpaka docteur mumoja wa watoto akamuambia Zaina: dawa nimechoka kumupa, mi nataka kuona anamezaje. Kuko radio ingine, ile picha ya mifupa, inatembea kama filme, mutoto anakula na mashine inafuata chakula, inaona inapita wapi. Mulete, akasema, na ulete vile anakula nyumbani, kitu ya maji na kitu nzito.

Zaina akaja hapa asubuhi. Akasimama nje, mutoto mugongoni, anaangalia vidole yake.

«Mama, wanataka kitu nzito. Mi nimejaribu kupika, anatema. Anataka ile yako.»

Nikamuuliza: «Ile ya sumu?»

Akaanza kulia. Nikamuambia: «Ingia, utalia ndani, bouillie iko ku moto.» Ilikuwa uongo, hata makaa sikuwa nimewasha. Lakini ungeniona vile nilikimbia, na hizi magoti zangu.

Tukaenda sisi wawili na mutoto, ku clinique moja Rohero. Docteur wa ile mashine ni mama mufupi, anaongea chini chini. Akatuvalisha tablier, aproni nzito kama gunia ya unga iliyonyeshewa, ati ya kutukinga. Akachukua unga yao nyeupe, iko kama chokaa, akatia kidogo mu maziwa, kidogo mu bouillie yangu. Akatueleza hiyo haina dawa ndani, ni ya kufanya chakula ionekane ku mashine. Nikamuuliza: «Docteur, nionje kwanza?» Akashangaa: «Kwa nini uonje, maman?» Zaina akaangalia chini. Nikasema: «Apana, ni desturi ya famille yetu tu.»

Wakamukalisha Issa wima ku kiti, mashine ku shavu yake. Na ku écran, ile kioo ya mashine, nikaona mujukuu yangu bila ngozi, wifi. Kataya kake, meno yake, mifupa ya shingo imepangwa kama shanga. Hata kijiko yangu ilionekana, nyeusi tii.

Wakaanza na maziwa. Docteur akasema kidogo tu, Zaina akamupa. Na mi naangalia na macho yangu yote mawili. Ile unga nyeupe ku écran inageuka nyeusi, na ile weusi ikateremuka mbio, mutoto hajajitayarisha, ikafika pale njia inaachana, moja ya tumbo, moja ya pumzi. Na ikaingia mu ile ya pumzi. Si yote, lakini ikaingia, inatiririka chini kuelekea mapafu. Na Issa anacheka na taa ya mashine. Hakukohoa. Hakukunja sura. Kimya kabisa.

Docteur akasimamisha hapo hapo, akarudisha filme nyuma, akatuonyesha na kalamu yake: «Muangalie. Inaingia, na mwili yake haina habari. Mutoto mwingine angekohoa aitoe. Ye hakohoi, ndo maana mulifikiri inapita vizuri.»

Inapita kama mafuta, si ndivyo ulisema. Kweli ilikuwa inapita. Kila ijumaa, chali ku magoti yako, mu mapafu ya mutoto.

Halafu wakaleta ile yangu. Nikamulisha mi mwenyewe, na ile tablier inanivuta chini. Akakunja sura. Akasukuma na ulimi, akainamisha kichwa, ile vita yake yote. Na ku écran nikaona ile donge nyeusi inakusanyika nyuma ya ulimi, inangoja, njia ya pumzi inafunga, na donge inapita nyuma yake, inashuka mu tumbo. Ikabaki kidogo ku koo. Akameza tena, ikaenda. Docteur akasema: «Hapa anafanya kazi, na hiyo kazi ndo inamulinda. Nani alipika hii?»

Nikasema: «Ni mimi.»

«Basi endelea hivi hivi.»

Musifikiri mi nilikuwa najua kitu. Sikujua. Napika nzito juu mama yangu alikuwa anapika nzito, na bouillie nyepesi mi naionaga kama aibu. Lakini nilimuuliza na ile ingine, sikuweza kutoka bila kuuliza: «Na kilimi yake, docteur, tuikate?» Akarudisha filme, akanionyesha pale nyuma, inapanda pamoja na nyama yake inafunga njia ya pua mutoto akimeza. Akasema: «Iko inafanya kazi yake. Musiiguse.»

Zaina akaniangukia hapo hapo, na tablier yake, na yangu, tukawa kama magunia mawili imeangushwa na gari. «Mama, nisamehe.» Nikamuambia: «Vua kwanza hii kitu, tutavunja mashine ya watu.» Zaina nilimusamehe mbele hajamaliza kusema. Alikuwa mutoto anaogopa. We haukuwa mutoto, wifi. Na haukuogopa kitu.

Sasa Issa maziwa anakunywa, haikukatazwa, lakini tunaikorogea unga mpaka iwe nzito, amekaa wima, kijiko kadogo, bila haraka. Biberon yako nimeitia mafuta ya taa, napimia mu taa yangu umeme ikienda, ni kazi nzuri, inaifaa. Homa haijarudi toka siku ile. Tutarudi kwa ile mashine tena, docteur anataka kuona kama koo inaanza kujifunza. Mashavu yake imeanza kurudi. Kila asubuhi analetwa hapa, na anaingia anatembea mwenyewe, upande upande kama mulevi.

Na mi nimefanya nini na hii habari? We unanijua. Ile picha ya mashine, ile ya maziwa imekosea njia, nimeiweka ku profil yangu, na chini nimeandika jina yako. Yule wa pharmacie ya kona ameiona. Wamama wa musikiti wameiona mumoja mumoja, hakuna aliyenikimbia. Musiba ya wiki iliyopita nilifika mapema, simu mukononi, nikaeleza kilimi, nikaeleza njia mbili, nikaeleza ijumaa zako zote. Mutu mumoja akaniuliza: «Na yule wifi yako anasemaje?» Nikasema: «Anaomba pilau.» Walicheka mpaka wenye musiba wakatuangalia vibaya. Siku ile nilipewa sufuria kubwa.

Picha yako ya harusi iko bado ku ukuta wangu, sikuitupa. Nimeigeuza tu. Unaangalia ukuta. Kaka yako akiuliza namuambia uko unatafakari.

Watu wengine hapa watanitumia ujumbe wa pembeni, mama Djuma yaishe, ni ndugu, yuko mbali. Musinitumie. Alipokuwa karibu hakuna mutu alimuambia yaishe. Mulimaliza pilau yake mukanawa mikono.

Na hiyo pilau ya Nadia nitaipika, wifi, usiwe na wasiwasi. Nadia hana kosa, nilimubeba mbele we haujajifunza kumushika. Nitapika sufuria zote, nyama, wali, kachumbari, mpaka chai. Na kila sufuria ikifunguliwa mbele ya wakwe zako wapya, nitachukua kijiko kubwa, nitasimama pale kila mutu ananiona, na nitaonja. Pole pole. Nitameza, nitangoja. Sufuria ya pili, tena. Wakwe watauliza: mama, kwa nini unafanya hivyo? Na mi unajua nikiulizwa swali sijui kujibu kwa kifupi. Nitaanza na mimba ya Nadia.

Hapo utakuwa umevaa ile dhahabu yako yote, umekaa mbele, hauwezi kuinuka.

Nimeilaza hii moyoni siku nyingi na inanipa furaha, sitadanganya. Naosha vyombo nacheka peke yangu. Lakini kama haupendi iwe hivyo, kuko njia moja tu. Kitenge sitaki, marashi sitaki, na usinitumie audio ya kulia, machozi ya mu simu mi siielewi. Nataka hivi. Siku utafika, utawaita wale wale wa siku ya Idi, wale wale, na kaka yako akae mbele. Na kabla mutu hajatia kitu mudomoni, we mwenyewe uta...

Ngoja. Zaina ananiita kutoka uwani.

«Mama, kuja haraka, kwangu amefunga mudomo. Anasema bibi, bibi, anaonyesha mulango.»

Bouillie yake ikipoa inakuwa mawe. Basi kaa hivyo hivyo wifi, bila kujua, mi naenda kulisha.

Wifi yako,
Mama Djuma